Mabingwa Wawili wa Mwaka Mmoja

Katibu wa ligi alinikuta nje ya kanisa siku ya Jumapili, bado nimeshika kitabu cha nyimbo, akaniambia kwamba uwanja wetu mpya umekamilika na ukuta wake mmoja uko mtupu. Ni mama wa Butembo kama mimi, mwenye duka la vitenge, na akitaka jambo haombi mara mbili.

"Ukuta iko inangoja, Madame," alisema. "Tunataka kuandika pale mabingwa bote ba ligi, tangu mwanzo. Wewe uko secrétaire ku masomo, unajua kuandika muzuri. Tena ulicheza. Andika tu: mwaka, timu. Mwaka, timu. Juma moja utakuwa umemaliza."

Nilikubali palepale. Nilifikiri hata juma moja ni muda mrefu. Nilicheza katika ligi hiyo ya netiboli miaka mingi kabla magoti hayajanikatalia, na picha za timu zote zilizopata kikombe ninazo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sikujua kwamba mwaka mmoja tu kati ya yote hiyo ungenivuruga kichwa mpaka leo.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe ulifikaje kwetu, maana Wakongo wengi hawaujui. Kinshasa wanawake wanacheza nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu, na masomoni kwetu, yaani shuleni, wasichana walikuwa wanacheza basketi na volei. Netiboli ilitoka Uganda. Asili ya familia yetu ni Masereka, karibu na Butembo, watu wa viazi na vitunguu, lakini katika miaka mibaya baba alituvusha mpaka, tukakaa kwa ndugu zake ambao lugha yao inakaribiana sana na Kinande chetu. Huko masomoni nilikuta wasichana wanarushiana mpira bila kuudundisha hata mara moja. Ukiudaka unasimama. Unahesabu moja, mbili, tatu, na kabla ya kufika tatu lazima uwe umeutoa. Pete ni kama ya basketi, ila haina ubao nyuma yake, kwa hiyo hakuna kitu cha kukusaidia. Niliupenda mchezo huo kwa sababu ulimlazimisha mtu kuamua upesi, na mimi nyumbani nilikuwa mtoto wa kusitasita.

Tuliporudi Butembo tulikuwa wasichana wanne tunaoujua. Fundi wa kuunganisha vyuma alitutengenezea pete mbili kwa nondo za kujengea nyumba. Moja ilitoka kubwa kidogo kuliko nyingine, na zikabaki hivyo. Vifuani tulishona herufi kama tulivyoziona Uganda, lakini hakuna aliyejua maana yake. C ilikuwa rahisi, maana hata Kifaransa kina centre. Lakini mwenye kuvaa WA watazamaji walimwita Wa Nani, na mwenye GK, yule anayelinda pete, wakamwita Gardienne Kali. Majina yakakaa. Hata sasa wasichana wakipanga timu utasikia mmoja akiuliza, "Leo ni nani atakuwa Wa Nani?" na hakuna anayecheka.

Tuliiita ligi ya taifa. Hilo nalo sikuwahi kulielewa vizuri. Timu zilikuwa za Butembo, Beni na Lubero. Mara moja moja ilikuja timu kutoka Bunia, na mwaka mmoja watu wa Kisangani waliahidi kuja, tukawapikia, hawakufika. Kinshasa sidhani kama kuna mtu aliyepata habari zetu. Lakini barua za kamati zilikuwa na muhuri wenye neno "nationale", na kabla ya kila fainali bendera ilipandishwa, tukaimba. Siku moja nilimwuliza mwenyekiti wetu wa kwanza kwa nini tunajiita hivyo.

"Taifa iko wapi, Madame?" alinijibu. "Si iko pale kwenye batu bake beko?"



Mabingwa wa kwanza tulikuwa sisi, timu ya walimu wa Butembo, na mimi karani wa masomo ndani yao. Halafu wauguzi wa Beni walichukua kikombe mara tatu mfululizo, na watu walisema ni kwa sababu wauguzi wamezoea kusimama siku nzima na hawaogopi kusukumwa. Baada yao wakaja wanawake wa soko la Butembo, waliokuwa wanafanya mazoezi alfajiri kabla ya kupanga nyanya zao. Wao walicheza wakiwa wamefunga vitenge juu ya kaptula, na mmoja wao alicheza fainali akiwa na mimba ya miezi minne bila mtu kujua mpaka mtoto alipozaliwa. Kulikuwa na mwaka wa wanafunzi wa bweni la masista, wembamba, wepesi, waliosali kwa sauti kila walipotakiwa kurusha mpira kwenye pete. Na kuna mwaka Bunia walikuja na wachezaji saba kamili, bila hata mmoja wa akiba, wakashinda kila mechi, wakapanda gari lao na hao saba hatukuwaona tena.

Yote hayo niliyaandika kwa jioni mbili tu. Ikabaki nafasi moja, mwaka uliotangulia ule wa Bunia.

Mwaka huo fainali ilichezwa Beni, kati ya walimu wa Butembo na wauguzi wa Beni. Nilikuwemo. Mpira wa mwisho niliurusha mimi.

Tulishuka kutoka kwenye baridi yetu kwa lori la Fuso, tukafika tukiwa tayari tumelowa jasho, maana Beni kuna joto ambalo sisi watu wa vilima hatulizoei. Uwanja ulikuwa wa udongo, umezungukwa na watu pande zote nne, na kwenye mlango wake kulikuwa na ndoo za maji ya kunawa mikono, maana ulikuwa wakati wa ugonjwa wa kuambukiza. Hatukuachana. Wakifunga wao, tunafunga sisi. Kuelekea mwisho tulikuwa sawasawa, na mwenye saa alikuwa amesimama tayari mezani, pembeni ya kikombe. Ndipo Wa Nani wetu aliponipa mpira, nami nikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye pete. Mbele yangu alikuwa Gardienne Kali wa Beni, msichana mrefu, mikono yake imeenea juu yangu kama matawi. Nikarusha.

Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Nilisikia filimbi. Nilisikia pia masasi, risasi za bunduki, upande wa njia ya Mbau, mwanzoni machache, halafu mengi. Kipi kilitangulia, siwezi kuapa. Watu waliinuka wote kwa pamoja na uwanja ukajaa. Lakini kabla ya mtu kunigonga na kuniangusha, nilikuwa bado natazama juu, na nilichoona ni hiki: mpira ulizunguka juu ya chuma cha pete, ukasita, ukaangukia nje.

Tulikimbilia lori. Watu walikuwa wanapandishana kwa kuvutana mikono. Mwalimu wetu wa mazoezi alitokea akiwa amekumbatia kikombe kifuani. Baadaye alisema hakukichukua kwa sababu ya ushindi, alikichukua kwa sababu kilikuwa mezani peke yake na watu wanakanyagana. Lori lilipoanza kutembea nilisikia sauti nyuma yangu ikipiga kelele, "Imeingia! Imeingia!" na wenzangu wakaipokea. Tulipofika kwenye barabara ya Butembo na masasi hayasikiki tena, walianza kuimba. Nadhani walikuwa wanaimba hofu itoke. Mmoja alinishika kichwa akanibusu.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nitawaambia tukifika, wakishatulia. Tulipofika tulikuta watu wa mtaa wamesimama na matawi, maana mtu alishapiga simu, na mama yangu alikuwa katikati yao anacheza. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheza. Basi sikusema kitu, si siku hiyo, si baadaye.

Kesho yake tukasikia kwamba Beni nao wameshangilia. Wao walisema mpira haukuingia, mechi ilisimama timu zikiwa sawa, na kwa kuwa katika mechi za mwanzo wao walikuwa mbele yetu, kikombe ni chao na Butembo tumekiiba. Wakaenda kwa fundi wao wakatengenezewa kikombe kingine. Kamati iliogopa kuamua. Mwaka uliofuata walikuja Bunia, jambo likafunikwa, na kwa miaka yote iliyofuata miji miwili iliishi na bingwa wake na kikombe chake.

Sasa nilikuwa na karatasi mbele yangu na nafasi tupu. Nikaona kwamba Mungu amenipa njia ya kuitua ile siri. Ningeenda Beni, nimtafute yule Gardienne Kali, nimwambie mbele ya macho yake kwamba mpira ulianguka nje, halafu ningeandika: wauguzi wa Beni.

Nilipanda gari la abiria asubuhi, watano tukiwa tumebanana kwenye viti vya watatu. Kwenye vizuizi tulishuka, tukaonyesha carte zetu za uchaguzi, tukapanda tena. Nyumba yake sikupata shida kuipata, maana bado ni muuguzi na kila mtu kwenye mtaa wake ameshachomwa sindano naye. Nilimkuta uani akigeuza kakao juu ya turubai kwa mguu. Alikuwa amenenepa, lakini mikono ilikuwa ileile. Alinitazama kitambo.

"Wewe njo ulirusha," alisema.

"Ni mimi."

"Ingia. Kwanza tule."

Tulikula fufu na sombe ya majani ya muhogo, tukaulizana habari za watoto, za magonjwa, za njia. Aliponimwagia maji ya kunawa kwa mara ya pili nilimweleza habari ya ukuta. Halafu nikasema lile nililolibeba.

"Dada, nilikuja kukuambia kitu. Ile mupira yangu haikuingia. Niliona na macho yangu. Ilianguka inje. Ninyi njo mabingwa, na ninataka kuiandika."

Aliweka birika chini polepole.

"Hapana," alisema. "Iliingia."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nilikusikia," alisema. "Mimi nilikuwa chini ya pete, wewe ulikuwa mbele. Ilipita mu pete, ikanigonga hapa." Alijigusa bega la kulia. "Masasi ilikuwa inalia, batu banakimbia, mais ile kugongwa ninaisikia hata sasa."

"Mais miaka yote munasema kama haikuingia."

"Mimi njo nilisema. Tulijificha ndani ya centre de santé, sisi wote saba chini ya vitanda, na capitaine wetu alikuwa analia. Hapana ju ya masasi. Ju ya mechi. Akaniuliza, 'Iliingia?' Nikamuambia haikuingia. Nilitaka anyamaze. Kesho yake ikakuwa mambo ya mji muzima."

Nilimwuliza huyo capitaine yuko wapi siku hizi. Alirudi kwenye turubai, akaokota punje moja mbovu ya kakao, akaitupa.

"Balimuua," alisema. "Ku shamba yake, njia ya Mbau, yeye na bwana yake. Tulimuzika na maillot ya timu. Mama yake aliomba baandike ku musalaba, championne. Nilikuwa pale nikaangalia bakiandika. Sasa wewe unakuja kuniuliza."

"Hapana nilikuja kuuliza. Nilikuja kuwapa."

"Na mimi siwezi kupokea kitu yenye ninajua si yetu."

Basi tukaanza kubishana, kila mmoja akitetea ushindi wa mwenzake. Mimi nilimwambia labda kilichomgonga begani ni mtu aliyekuwa akikimbia. Yeye aliniambia labda mimi nililia kwa hofu na machozi yakanipotosha. Alipanda juu ya kiti kunionyesha pete ilikuwa wapi, na mimi nikasimama hatua mbili kutoka kwake nikiwa nimeshika kabichi, maana hatukuwa na mpira. Hatukufika popote. Jua likawa linakwenda, nami nilikuwa lazima niwahi gari kabla njia haijafungwa. Aliponisindikiza alisema kwamba kama kuna mtu anayejua, ni mwamuzi.

Sikuwa nimemfikiria mwamuzi hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa Alimbongo, upande wa Lubero, mwanamke mkali, aliyewahi kumtoa mchezaji nje kwa kutafuna pipi ya bazoka. Niliuliza masomoni na nikaambiwa kwamba vita ilipofika kwao alikimbia kwa miguu, na sasa anakaa hapahapa Butembo kwa binti yake. Nilikuwa napita mbele ya nyumba hiyo kila siku.

"Wavukire, Madame," nilimsalimu kwa Kinande mlangoni.

Aliitikia, akanipa kigoda. Alikuwa amezeeka na shingo yake imepungua, lakini alikaa wima kama aliye mbele ya darasa. Nilimpa sukari niliyomletea, nikamwuliza juu ya mpira wa mwisho. Sikumwambia nilichoona wala alichosema yule wa Beni.

"Ile mupira haina maana," alisema. "Iingie, isiingie. Nilipiga firimbi mbele haujarusha."

"Mbele? Kabla sijarusha?"

"Ulikawia. Moja, mbili, tatu, na nusu. Nilipiga firimbi ju mupira iende kwa Beni. Halafu masasi ikaanza. Donc mechi haikumalizika. Bingwa hakuna."

Nilihisi kitu kama furaha. Huu ulikuwa ukweli wa tatu, na ulikuwa mwepesi kuubeba kuliko mingine miwili. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyedanganya. Nilitoa kalamu.

"Madame, uko na hakika?"

"Niko na hakika. Niliandika mu daftari yangu." Akaiweka sukari magotini. "Daftari ilibaki Alimbongo, mu kabati. Nyumba sijui kama iko."

Binti yake alileta chai. Tulikunywa. Yule mama alikuwa anatazama mlango, midomo yake ikitembea kama anahesabu. Halafu akasema, si kwa sauti ileile ya kwanza:

"Ile siku nilisimamia mechi mbili. Asubuyi ilikuwa ya nafasi ya tatu. Kulikuwa musichana moja, mufupi, alikawia na mupira, nikapiga firimbi." Alinigeukia. "Wewe hauko mufupi."

"Hapana, Madame."

"Donc ni nani nilimupigia?"

Nilirudisha kalamu mfukoni. Aliniomba nisiondoke haraka, nami nikakaa, na saa nzima akanisimulia habari za kabati lake la Alimbongo: madaftari ya wanafunzi wa miaka yote, filimbi mbili, picha ya marehemu mume wake. Aliorodhesha rafu kwa rafu. Hapo hakuchanganya kitu.

Nilibaki na mtu mmoja, na kwa kweli nilikuwa nimemkwepa. Wa Nani wetu, aliyenipa ule mpira, aliacha ualimu zamani na anauza maharage sokoni. Ndiye anayesimulia fainali ile kuliko wote. Wateja wake wanaijua. Niliogopa kwamba nikimwambia ataniita msaliti mbele ya soko zima, nami ningestahili.

Nilikwenda mchana, saa ambayo wanunuzi ni wachache. Nilikaa juu ya gunia lake tupu na nikamweleza yote kwa mfuatano: nilichoona, bega la yule wa Beni, na hesabu za mwamuzi. Alikuwa anachambua maharage, na mikono yake haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Mimi hata sikuona," alisema.

"Namna gani hukuona? Ulisema iliingia. Wewe njo ulipiga kelele ku lori, nilijua sauti yako."

Alicheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha.

"Nilipokupa mupira nilifunga macho. Mimi nilikuwa nafunga macho kila mara, siwezi kuangalia. Halafu masasi. Ku lori coach aliuliza batoto ba masomo benye balitufwata kushangilia, kama bote bameingia. Akalia, 'Bameingia?' Mimi nilikuwa nyuma, nikahesabu vichwa, nikamujibu, 'Bameingia! Bameingia!'"

Nilimtazama.

"Na batu bakasikia imeingia," alisema. "Bakaanza kuimba. Mimi nikasema, ah, kumbe iliingia. Nikaimba nao."

"Miaka yote hii?"

"Nilifikiri wengine banajua. Wewe mwenyewe ulikuwa unanyamaza, nikafikiri unajishusha tu."

Mama mmoja alikuja kununua, akapimiwa makopo mawili, akaenda. Mwenzangu alifunga gunia, akanitazama kwa huzuni ambayo sikuitazamia.

"Donc ulifunga ao hapana?" aliniuliza.

"Sijui," nilimjibu. Na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Mpaka nilipofika Beni nilikuwa najua. Sasa nikifumba macho ninauona mpira ukianguka nje, halafu ninausikia ukigonga bega la mtu, halafu nimeushika bado, filimbi inalia, na mimi ni mfupi.

Niliandika orodha. Kwenye mwaka ule nilitaka kuandika "Fainali haikumalizika." Katibu alikuja nyumbani kuichukua, akaisoma akiwa amesimama, akafika hapo akasita.

"Madame, hii hapana. Batu bataleta wageni kuangalia ukuta, basome kama tulishindwa kumaliza mechi?"

"Njo vile ilikuwa."

"Labda. Mais ile siku tulikimbia masasi, na wewe unaandika kama tulikuwa bavivu." Alifikiri. "Acha pale pabaki wazi. Kamati itakaa, itaamua."

Niliifuta, nikaacha mstari mtupu kati ya wanafunzi wa bweni na Bunia. Kamati ilikaa mara mbili. Mara ya kwanza wa Beni hawakufika kwa sababu ya njia. Mara ya pili walifika, wakasema wao hawana neno, Butembo waandike wanavyotaka, na wale wa Butembo wakasema hapana, Beni ndio waamue. Sijui kama habari za mimi na yule muuguzi zilikuwa zimewafikia. Walikunywa soda wakaachana kwa amani bila kuamua kitu.

Wakati huo mtu wa kupaka rangi alikuwa ameshachoka kungoja. Alichukua karatasi yangu na akaanza. Aliandika miaka yote upande wa kushoto, vizuri sana, kwa bluu. Alipoandika timu upande wa kulia aliufikia ule mstari mtupu, akadhani ni makosa ya karatasi, akauruka. Bunia wakapanda mahali pake, na wote walio chini yao wakapanda hatua moja. Mwishoni alibaki na mwaka usio na timu. Akamwuliza mlinzi wa uwanja, naye akamtajia timu anayoishangilia.

Kwa hiyo ukuta wetu sasa unasema kwamba mwaka ule wa masasi mabingwa walikuwa Bunia, ambao mwaka ule hawakuja. Kuanzia hapo kwenda chini hakuna mwaka hata mmoja ulio sawa. Nilimwambia katibu siku ileile. Akaja, akasimama mbele yake mikono kiunoni, akasema bluu imekwisha.

Siku ya kufungua uwanja, yule muuguzi alikuja kutoka Beni na timu yao. Alivaa kitenge kipya. Nilimpeleka mbele ya ukuta kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alisoma akifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kilisimama kwenye Bunia.

"Ni wewe uliandika ivi?"

Nilimweleza habari ya mstari mtupu. Kidole hakikutoka pale. Nilifikiri amekasirika, kwa ajili ya yule rafiki yake na msalaba wake. Nikaanza kusema kwamba nitanunua rangi mwenyewe, nitaandika upya, aniambie tu niandike nini.

"Mama yake hajui kusoma," alisema. "Ku musalaba balimusomea, akaiweka mu kichwa. Pale hapatabadilika." Halafu akauliza, "Na Bunia banajua?"

"Hapana."

"Uwaandikie barua."

Sikujua kama anatania. Mpaka sasa sijajua, na barua sijaiandika. Filimbi ililia uwanjani. Tulitafuta mahali pa kukaa, tukapata kwenye ngazi ya juu, na mvua nyepesi ya Butembo ikaanza. Alikuwa anatetemeka, kwao hakuna baridi kama hiyo, nikampa nusu ya shali yangu. Wasichana walikuwa wepesi kuliko tulivyokuwa sisi, na timu zote mbili zilivaa jezi nyeupe kwa sababu za rangi hazikuwa zimefika. Tulishangilia goli la kwanza wote wawili, halafu tukaulizana ni la nani.